Muhula Mmoja Berlin: Shajara ya Mtoto wa Dunda

Jumatano, 25 Septemba 2024. Dunda, Bagamoyo

Pasipoti imerudi na viza ndani yake. Nimeifungua mara nne tangu adhuhuri, nimekaa barazani kwa Bibi, na kila nikiifungua nasoma tarehe zilezile. Muhula mmoja, Chuo Kikuu cha Humboldt, Berlin.

Mwenzangu utakayeifuata njia hii, anza karatasi mapema, tena mapema sana. Mimi nimebebwa na barua ya ufadhili. Asiye na ufadhili hudaiwa aonyeshe akiba iliyofungwa benki, na hesabu ya sasa ni euro 992 kwa kila mwezi atakaokaa. Hapo bado bima ya afya, barua ya kukubaliwa na chuo, na ada ya viza euro 75. Kuna wiki nililala nikiwa na hakika kwamba sitakwenda.

Bibi aliipokea pasipoti kwa ncha za vidole, kama mkate uliotoka jikoni sasa hivi.

"Hii ndiyo inayokupeleka Udachi, mke mwenzangu?"

"Ndiyo, Bibi."

"Na kukurudisha?"

Nikamwonyesha tarehe ya mwisho. Hasomi herufi za Kizungu, lakini tarakimu anazijua. Akahesabu miezi kwa vidole, akafika Shaabani, akaridhika.

Ijumaa, 27 Septemba. Dunda

Leo baada ya sala nilizunguka mtaani na swali moja. Mwalimu wetu Dar es Salaam alitutajia darasani mtu aitwaye Mtoro bin Mwinyi Bakari, mzaliwa wa huku kwetu Dunda, aliyekwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili katika Seminari ya Lugha za Mashariki. Kitabu chake, Desturi za Wasuaheli, kilichapwa mwaka 1903 chini ya uhariri wa Carl Velten. Tangu siku hiyo jina hilo halijanitoka. Mimi nimezaliwa Dunda, nimesoma madrasa Dunda, nimechota maji Dunda, na sikuwahi kulisikia.

Nilianza kwa wazee wa kahawa. Shikamoo, marahaba, kaa, kunywa. Nikauliza. Mmoja akasema kina Mwinyi Bakari ni wengi mno pwani hii. Mwingine akataka kujua ni deni au ni shamba, maana watu wakiulizia majina ya marehemu huwa ni mojawapo. Wa tatu alifikiri muda mrefu, kisha akatikisa kichwa.

Watalii wanaoshuka hapa huonyeshwa Boma la Wadachi, huonyeshwa misheni ya mwaka 1868 na mnara ulipolazwa mwili wa Livingstone mwaka 1874. Huo ni mwili wa mgeni uliopita tu, ukielekea kwao. Mtoto wa hapa aliyekwenda kwao wageni, akawafundisha lugha yetu, hana hata kibao. Nimerudi nyumbani moyo mzito.

Jumapili, 29 Septemba. Dunda

Dua imesomwa. Ubani, tende, wali, shemeji na mashangazi wote. Usiku ngoma za wanafunzi wa TaSUBa, chuo cha sanaa cha hapa Bagamoyo, zilisikika mbali kama kawaida, na nilizisikiliza hadi zikanyamaza.

Begi lina kilo 23, na Bibi ameongeza pilipili manga, iliki, na khanga jozi moja. Imeandikwa: Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Baba yake alikuwa baharia, kwa hiyo kwake hayo si maneno ya kitambaa tu. Alinieleza tezi iko wapi chomboni, na omo, na ngama, kama anayenielekeza vyumba vya nyumba yake.

Jumatatu, 30 Septemba. Barabarani

Daladala ya asubuhi hadi kituo cha Makumbusho, Dar es Salaam, mjomba kanisindikiza. Uwanja wa ndege usiku. Mama hakulia mpaka nilipovuka mlango wa kioo, kisha nikamwona anafuta uso kwa ncha ya mtandio.

Jumanne, 1 Oktoba. Berlin

Nimefika kupitia Istanbul. Baridi, treni, begi, ngazi, ufunguo, usingizi.

Alhamisi, 10 Oktoba

Siku kumi za karatasi. Mtu akihamia kwenye nyumba Ujerumani, sheria inampa wiki mbili kwenda kusajili anwani yake. Bila cheti hicho mambo mengine hayaendi vizuri. Lakini miadi ya kusajiliwa haipatikani ovyo. Nilikuwa naamka alfajiri kuitafuta kwenye simu. Ofisi ya kwanza nilirudishwa kwa sababu fomu ya mwenye nyumba ilikosa sahihi. Nilisimama nje ya mlango ule nikatamani nyumbani, pale ambapo mjumbe wa mtaa ananijua mimi, anamjua mama, na anajua siku niliyozaliwa kulikuwa na mvua.

Leo nimepata cheti. Karatasi moja, muhuri mmoja. Nimempigia mama, akapiga kigelegele.

Mengine niliyojifunza ni madogo lakini yana faida. Jumapili maduka hufungwa, kwa hiyo ununue chakula Jumamosi. Chupa ya plastiki ya kutumika mara moja ina amana ya senti 25, unairudisha kwenye mashine dukani. Taka zina mapipa ya rangi mbalimbali, na jirani wa ghorofa ya chini anayakagua.

Ijumaa, 18 Oktoba

Masomo yameanza Jumatatu. Ratiba ilisema saa nne asubuhi. Nikafika saa nne kasoro dakika kumi, nikakaa peke yangu katika chumba chenye viti arobaini, nikidhani nimepotea jengo. Watu waliingia saa nne na robo kamili. Kumbe zile herufi mbili ndogo, c.t., zilizoandikwa pembeni ya saa, maana yake ni robo saa baadaye. Ni desturi ya vyuo vya huku ya tangu zamani. Profesa alipomaliza, darasa zima likagonga meza kwa vifundo vya vidole. Moyo uliruka. Ni shukrani, kama sisi tunavyopiga makofi.

Taasisi yetu ya Asia na Afrika iko Invalidenstraße. Nimechukua isimu ya lugha za Kiafrika, historia ya ukoloni, na Kijerumani. Jumla ni krediti 30, mzigo wa muhula mzima. Pia nasaidia darasa la Kiswahili la mwaka wa pili, na huko ndiko nilikopata somo langu la kwanza hasa. Mwanafunzi mmoja aliniuliza: samaki halibadiliki umoja na wingi, kama nyumba, kama nguo, mbona basi hamsemi samaki hii, mnasema samaki huyu? Nikafungua kinywa, nikakuta hamna jibu. Nimekua karibu na mnada wa samaki, nimesema samaki huyu maelfu ya mara, na sijawahi kujiuliza. Nilimjibu kipindi kilichofuata, baada ya kusoma: chenye uhai hubeba upatanisho wa watu, hata kama jina lake linakaa ngeli nyingine. Kuwa mzawa wa lugha na kuijua lugha si kitu kimoja, na mimi nimelazimika kuvuka bahari kuliona hilo.

Jumapili, 27 Oktoba

Usiku wa kuamkia leo saa zimerudishwa nyuma. Jana tulipishana na nyumbani saa moja, leo ni saa mbili. Nilipompigia Bibi alikuwa ameshasali adhuhuri.

"Mbona umechelewa?"

Nikamweleza kwamba nchi nzima imesogeza saa. Akanyamaza kwanza.

"Na jua nalo limekubali?"

Jumamosi, 2 Novemba

Nimekwenda Wedding, eneo la hapa Berlin, kutafuta unga wa ugali na tui. Maduka ya Kiafrika yako huko, na nimepata vyote, hata mihogo, ghali lakini mizuri. Muuzaji, mama wa Ghana, alinipa ndizi mbili za ziada aliponiona nimeshika muhogo bila kuuweka chini.

Mitaa ya hapo inaitwa Mtaa wa Kiafrika, na majina yake yanatokana na habari za ukoloni: kuna Sansibarstraße, kuna Ugandastraße. Nilitembea nikisoma vibao hadi nikafika barabara iliyokuwa na jina la Peters, Karl Peters yuleyule ambaye mikataba yake ndiyo iliyowafungulia Wadachi nchi yetu. Tangu mwezi wa nane mwaka huu imegawanywa mara mbili: kipande kimoja kinaitwa Anna-Mungunda-Allee, kwa heshima ya mwanamke wa Namibia, na kingine Maji-Maji-Allee.

Maji Maji, kwenye kibao cha barabara, Berlin. Niliweka mfuko wa unga chini. Mama mmoja Mjerumani alinipita na mbwa wake, akageuka, akaniuliza kama ninahitaji msaada. Nikamwambia kwa Kijerumani changu kibovu kwamba hayo ni maneno ya kwetu. Akayasoma kwa sauti, taratibu, akaniuliza kama ameyatamka sawasawa. Aliyatamka sawasawa.

Alhamisi, 7 Novemba

Nimekipata kitabu cha Mtoro maktaba. Herufi zake ndogo, na tahajia ni ya zamani. Jina lake kamili linaendelea na khabari za desturi za sheria za Wasuaheli, na neno khabari limeandikwa kwa kh. Nilikaa nacho tangu saa tano asubuhi mpaka walipoanza kuzima taa.

Nilitarajia kitabu cha kigeni juu yetu. Nimekuta sauti. Mzazi anajifungua, mtoto anapelekwa chuoni kwa mwalimu, vijana wanaingia jandoni, wanaoana, wanakopeshana, wanafunga safari za bara na mizigo, wanauguza, wanazika. Yamo mazuri na yasiyo mazuri. Habari za utumwa zimo, hazikufichwa. Kuna mahali nilisoma nikasikia kabisa pumzi ya mtu wa Dunda akisimulia jioni, asiye na haraka.

Kuhusu maisha yake mwenyewe nimesoma kwingine, na nimesoma kwa uchungu. Darasani Berlin wanafunzi wake, vijana waliokuwa wakiandaliwa kwenda kututawala, walimdharau kwa rangi yake. Mwaka 1904 alimwoa Mjerumani, Bertha Hilske. Mwaka 1905 akaacha kazi, wakapanda meli pamoja kurudi pwani, na serikali ya kikoloni ikamkatalia kushuka akaishi na mkewe katika nchi aliyozaliwa. Wakarudi Ujerumani. Alifia Berlin mwaka 1927.

Nimejaribu kuwaza siku ile ndani ya meli. Minazi unaiona. Moshi wa jikoni za watu unauona. Jahazi zinapita karibu kiasi cha kusikia mabaharia wakiitana kwa lugha yako. Na hutashuka.

Jumapili, 24 Novemba

Leo nimekwenda Brunnenstraße, namba 193. Kwa miguu si mbali na taasisi yetu. Njiani, mbele ya mlango, kati ya mawe ya kawaida, kuna jiwe dogo lenye uso wa shaba ya njano, ukubwa wa kiganja. Ni la kumkumbuka Mahjub bin Adam Mohamed, ambaye Wajerumani wanamkumbuka kwa jina la Bayume Mohamed Husen. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, akaingizwa jeshini kwa Wadachi angali mtoto katika Vita vya Kwanza. Akaja Berlin mwaka 1929, akaigiza filamu, akasaidia kufundisha Kiswahili palepale alipofundisha Mtoro kabla yake. Mwaka 1941 utawala wa Hitler ulimkamata, akapelekwa kambi ya Sachsenhausen. Alifariki humo tarehe 24 Novemba 1944. Leo imetimia miaka themanini.

Nilikuwa nimechukua kitambaa. Nikapiga magoti nikalifuta jiwe, nikasoma Fatiha. Vidole viliganda. Kijana aliyekuwa akitoka na baiskeli alisubiri ndani ya mlango mpaka nilipomaliza, ndipo akapita.

Hao ni wawili ninaowajua kwa majina, na wote wawili kazi yao ilikuwa kama hii yangu ya Jumanne na Alhamisi: kusimama mbele ya Wajerumani na kusema, sikilizeni, tunatamka hivi. Mimi nina viza, bima na tikiti ya kurudi. Tangu leo siingii darasa lile bila kuwakumbuka.

Jumamosi, 14 Desemba

Jua linachomoza saa mbili na dakika chache asubuhi, linazama kabla ya saa kumi jioni. Adhuhuri, alasiri na magharibi zimebanana kama abiria wa daladala. Ukimaliza kutia udhu huu, wakati wa sala nyingine umefika. Saa yetu ya Kiswahili, inayohesabu tangu mapambazuko, huku haina pa kushika. Nimekuwa mnyonge kwa wiki mbili, nalala mchana, sili vizuri. Mwenzangu wa chumba cha pili, binti wa Vietnam, ndiye aliyenitoa leo kwa nguvu tukaenda Jumba la Makumbusho ya Viumbe, ambalo kumbe liko barabara hiyohiyo ya chuo chetu.

Ukumbini amesimama mjusi mkubwa wa kale, urefu wake mita 13.27 kutoka chini hadi kichwani. Ametoka Tendaguru, Lindi. Alichimbwa kati ya mwaka 1909 na 1913, na aliyewasimamia wachimbaji wetu aliitwa Boheti bin Amrani. Mifupa ilibebwa na watu, vichwani na mabegani, mwendo wa siku kadhaa hadi bandari ya Lindi. Mimi ni mtu wa Bagamoyo, najua habari za wapagazi kwa sababu babu wa babu yangu alikuwa mmoja wao. Niliangalia mfupa mmoja wa bega nikajaribu kukadiria: watu wangapi, na walipumzika wapi. Watoto wa Kijerumani walikuwa wakipiga kelele za furaha kuzunguka miguu ya mjusi. Mwenzangu akaniuliza, nyumbani kwenu kuna wengine kama huyu? Nikamwambia tuliye naye yuko hapa. Hakusema kitu, akanishika mkono.

Usiku nilipika wali wa nazi na maharage. Tukala sisi wawili na dirisha limejaa ukungu.

Ijumaa, 17 Januari 2025

Matokeo ya mtihani wa kwanza: 1.7. Mama aliposikia alinyamaza, akaniuliza kwa upole kama naumwa. Ilibidi nimweleze kwamba huku 1.0 ndiyo bora kabisa na 5.0 ni kufeli. Basi vigelegele vikaanza upya.

Insha kubwa ya muhula unachagua swali mwenyewe, profesa hakupi. Hilo lilinitesa tangu Novemba, maana sisi tumezoea kupewa. Nilipomwambia kwamba nataka kukisoma kitabu cha Mtoro kwa sauti mbele ya wazee wa Dunda na kuandika watakayoyasema, alikaa kimya kidogo, kisha akaniuliza swali moja tu: "Wao watapata nini?" Nimelala nalo siku tatu. Jibu nililomrudishia ni kwamba watapata kitabu chao. Akaandika jina langu kwenye orodha yake.

Jumamosi, 15 Februari

Vipindi vimekwisha. Darasa la Kiswahili lilinigongea meza, kisha yule wa swali la samaki akasimama akaniambia, "Safiri salama, dada, utusalimie Bibi." Nimelia bila aibu. Nakala ya kitabu imo begini, katikati ya khanga.

Jumatano, 26 Februari. Dunda

Nimefika jana usiku. Joto lilinipokea mlangoni mwa ndege kama mtu wa nyumbani. Ramadhani iko karibu, mji mzima unavunja jungu, kila jiko linatoa moshi.

Bibi amenikagua kuanzia kichwani hadi miguuni, akasema nimekonda, akapakua. Baada ya alasiri nikatandika mkeka barazani nikatoa nakala. Majirani walikuja wenyewe: bibi wawili wa nyumba ya pili, mzee mmoja wa kahawa, watoto.

Nikasoma jina la kitabu. Nilipofika kwenye neno habari, Bibi akanikatiza.

"Imeandikwaje hapo?"

"Kwa kh, Bibi. Ni tahajia ya zamani."

"Khabari," akasema, kwa koo, sawasawa kama ilivyoandikwa. "Si ya zamani. Ndivyo ilivyo. Ninyi ndio mmeilainisha."

Nikaendelea. Nilipofika kwenye harusi, kwenye ada na zawadi zake, hawakunisubiri tena. Bibi alishika kilemba cha baba, jirani akadakia mkaja wa mama, wakabishana juu ya kiosha miguu na kipa mkono, nani hupewa lini, na mzee wa kahawa akacheka mpaka akakohoa. Mimi nilikuwa naandika pembeni mwa karatasi kwa penseli, haraka, na bado walinipita. Kisha nikawasimulia habari ya meli ya mwaka 1905. Baraza likatulia. Bibi mmoja akauliza mke alikuwa na umri gani. Mwingine akasema, "Maskini, na huku kulikuwa na mama zake wa kumpokea."

Adhana ya magharibi ikasomwa. Bibi akasema niweke alama nilipoishia.

Alhamisi, 27 Februari. Dunda

Nimeamka nikakuta kitanda cha Bibi kitupu na chai imefunikwa. Mama anasema ameondoka tangu saa moja, kavaa baibui lake la Ijumaa ingawa leo si Ijumaa. Amekwenda kuzunguka nyumba za wazee, moja baada ya nyingine, kuuliza Mwinyi Bakari huyu alikuwa wa ukoo upi na nyumba yao ilisimama wapi.